Ndege Ikikwama Bukoba, KIA Tunasubiri Nini?

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wengine, habari za jioni.

Tukizungumzia mtandao wa shirika la ndege, watu hupenda kuhesabu vituo: Bukoba ipo, Kigoma ipo, Songea ipo. Leo hapa Moshi naomba tuhesabu njia. Chukueni viwanja kumi, kimoja kiwe Dar es Salaam, na vile tisa kila kimoja kiwe na safari ya Dar tu. Njia tisa zimeviunganisha vyote. Shirika lenye ndege chache hupanga hivyo, maana wa Mtwara na wa Songea wanaokwenda Mwanza wote wanajaza ndege moja ya kutoka Dar. Ila njia ya pili hakuna. Kata Dar–KIA, yaani uwanja wetu wa kimataifa wa Kilimanjaro, sisi wa Kilimanjaro na Arusha tumetoka kwenye ramani. Ongeza KIA–Mwanza, safari moja tu, na viwanja viwili vimepata mlango wa nyuma. Dar yenyewe ikifungwa, lakini, tutabaki kutembeleana na Wasukuma.

Kuna ramani nyingine abiria haioni: mzunguko wa ndege yenyewe kutwa nzima. Ndege iliyochelewa Bukoba asubuhi inaweza kuwa ndiyo hiyo hiyo mnayoisubiri KIA jioni. Mlima unaonekana mpaka kileleni, na mtu anamfokea binti wa kaunta: mbona hali ya hewa ni nzuri?

Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya jeti zake za Airbus A220 kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney, ambayo yaliwakumba na wenzao wa nchi nyingine. Viwanja vilikuwa wazi. Kilichopungua ni ndege. A220 ile ina viti 132, Dash 8 Q400, ile ndege ya pangaboi, ina 76. Badilisha moja kwa nyingine siku ya ndege kujaa, watu 56 wanabaki ukumbini na mabegi yao, na Dash 8 uliyoihamisha imeacha pengo kwingine.

Ndiyo maana mimi natetea ndege ya akiba, ingawa najua mhasibu ataiona imekaa tu inakula pesa. Na ningechagua pangaboi. Jeti kubwa huku kaskazini inategemea KIA peke yake. Pangaboi inatua KIA, na inatua Kisongo pia, ule uwanja mdogo wa Arusha.