Kaye ya Migomba

NSIMIRE: Karibuni tena, wasikilizaji. Tuko Bukavu, chumba kile kile, na hizo kelele ni mvua kwenye mabati. Mimi ni Nsimire.

BARAKA: Na mimi Baraka. Mambo ya mji mnayajua, leo tuyaache kidogo. Lakini yaya, viatu vyako vimetuletea matope ya Mudaka yote humu ndani.

NSIMIRE: Niache, nimeshuka kwenye pikipiki sasa hivi. Nimelala huko shambani siku mbili.

BARAKA: Huyu yaya, yaani dada yangu mkubwa, miaka sita iliyopita aliniapia kwamba ataandika maisha yake kila asubuhi. Akanunua kaye, yaani daftari, yenye jalada gumu, na biki tatu za kuandikia.

NSIMIRE: Nikaandika ukurasa mmoja! "Leo ninaanza." Basi. Nilitaka kila sentensi ivae suti kama inakwenda kanisani, na mimi sikuwa na suti za kutosha.

BARAKA: Na sasa unaandika.

NSIMIRE: Kila siku. Ila siyo mimi niliyeamua, ni ugonjwa wa migomba. Papa alipofariki, shamba lilikaa bila mtu. Nilipofika nikakuta majani yamenyauka kama yamemwagiwa maji ya moto, na ndizi zinaiva kabla ya kukomaa. Ukikata mgomba, ndani kuna usaha wa njano.

BARAKA: Mnyauko.

NSIMIRE: Ndiyo. Hapa kwetu Kongo uliripotiwa mwaka 2001, upande wa Masisi, ukashuka mpaka huku Kivu ya Kusini. Zamani ushauri ulikuwa: ng'oa shina lote na kila kilichomo. Fikiria mama mwenye mashina ishirini, unamwambia ang'oe chakula chake chote. Wengi walikataa, na mimi nawaelewa.

BARAKA: Wewe ulifanya nini?

NSIMIRE: Shina la mgomba ni familia, si ndiyo? Kuna mama, binti, mjukuu. Mara nyingi ugonjwa haujafika kwa wote. Kwa hiyo unakata yule aliyeonyesha dalili tu, chini kabisa usawa wa udongo, na wengine unawaacha. Upanga unaupitisha kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, kwa sababu upanga wenyewe ndio unaotembeza ugonjwa. Na ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, unalivunja kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho ikishatokea. Wadudu wanapitia pale.

BARAKA: Na kaye inaingia wapi hapo?

NSIMIRE: Inabidi urudi kila wiki, kwa sababu mgomba unaweza kubeba ugonjwa muda mrefu bila kuonyesha. Sasa wiki iliyopita nilikata wapi? Nilipaka namba, mvua ikafuta. Nikachukua kaye ya mwanafunzi, ya bei rahisi, nikaanza kuwapa majina. "Wa nyuma ya kaburi." "Wa mahali Papa aliponichapa." "Wa njia ya maji." Ukishaandika "mahali Papa aliponichapa", biki haitulii hapo. Inataka kusema alinichapa kwa nini.

BARAKA: Samahani, yaya, lakini hiyo bado ni hesabu ya shamba. Mtu atasema siyo uandishi.

NSIMIRE: Aseme. Ile kaye ya jalada gumu ilikuwa uandishi, na ilikuwa tupu.

BARAKA: Hapo umenifunga mdomo.

NSIMIRE: Ngoja. Nikitafuta jembe kwenye sanduku la Papa, nakuta na yeye alikuwa na kaye. Mistari mifupi. "Mvua." "Nimeuza maharagwe." Halafu mstari mmoja juu ya mama jirani, mjane, aliyelima kipande chetu cha chini: "Nimemruhusu kupanda migomba mitatu."

BARAKA: Eeh! Hiyo ni nzito. Wasikilizaji wa mbali hawataelewa.

NSIMIRE: Waelewe basi. Kwetu Bushi, nchi ya Washi, ardhi inapatikana kwa njia mbili: kuna kalinzi na kuna bwasa. Kalinzi, mkubwa wako alitoa ng'ombe kwa mwenye ardhi, na watoto wanarithi. Bwasa ni kukodi tu, msimu mmoja au miwili. Na mwenye bwasa haruhusiwi kupanda kitu kinachodumu. Maharagwe sawa, muhogo watu wanabishana, lakini mgomba au kahawa hapana kabisa. Ukipanda mgomba, umesema hapa ni pangu.

BARAKA: Kwa hiyo Papa, kwa mstari mmoja...

NSIMIRE: Alimpa ardhi, ndivyo ninavyosoma mimi. Baba mdogo anasema ilikuwa huruma ya siku moja. Na anataka kile kipande, kwa sababu sasa shamba limefufuka kila mtu amekumbuka njia ya kwenda huko.

BARAKA: Ulisoma ule mstari mbele ya watu?

NSIMIRE: Ijumaa, wote wameketi, kasiksi, pombe ya ndizi, iko mezani. Shangazi alinikanyaga mguu ninyamaze. Nikasoma. Baba mdogo akaniambia, "Tangu lini mtoto anasoma makaye ya wazee?"

BARAKA: Na mjane?

NSIMIRE: Hakuitwa. Hilo ndilo linaloniuma. Tulikuwa tunazungumza migomba yake, yeye yuko mita mia pale anachambua maharagwe. Na unajua, mmoja kati ya ile mitatu unaumwa. Natakiwa kuukata.

BARAKA: Ukiukata, watasema umeondoa alama yake.

NSIMIRE: Na nisipoukata, shamba lote linakwenda. Asubuhi nilikwenda kwake na upanga na kibiriti, nikampa yeye upanga. Akaukata mwenyewe, usawa wa udongo. Mabinti wawili wamebaki.

BARAKA: Umeyaandika hayo?

NSIMIRE: Nisomee wewe, miwani imelowa.

BARAKA: Lete... "Jumamosi. Mvua. Wa mjane, mama amekatwa, mabinti wawili wazima. Kurudi baada ya siku saba. Baba mdogo aliondoka bila kuaga, ameacha kofia." Yaya, hiyo kofia iko wapi?

NSIMIRE: Iko kwenye mfuko wangu. Imelowa na yenyewe.