Ngao ya Burns na zumari iliyotukwamisha

REHEMA: Haya jamani, tumerudi. Bakari ana buluu mpaka kwenye kucha, msimuulize.

BAKARI: Niulizeni tu. Nimepewa ubao nichore ngao, yaani nembo, ya Robert Burns, mshairi wa Uskoti, kwa karamu ya kumkumbuka ya Januari 25. Buluu nimepaka, kichaka nimeweka, filimbi nimeweka. Juzi Rehema kapita, kaitazama, kauliza filimbi nimeitoa wapi.

REHEMA: Na bado nauliza. Lakini tuliahidi mambo matatu: nani anaomba ngao isajiliwe, anapeleka ushahidi gani, na ngao inaandikwaje. Tuanze la kwanza kabla hujatupeleka kwenye ngoma.

BAKARI: La kwanza jepesi. Uskoti hakuna ngao ya ukoo. Ngao ni mali ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kuitwa Burns hakukupi kitu, na kile kikombe cha dukani chenye nembo ya jina lako ni kikombe tu.

REHEMA: Na wanaosajili ni mahakama kweli, si ofisi ya kugonga mihuri. Mahakama ya Lord Lyon, mkuu wa ngao za Uskoti, iko Edinburgh na ina mwendesha mashtaka wake. Daftari lao la ngao limewekwa kwa sheria ya 1672. Burns hakuwahi kusajili. Aliibuni mwenyewe, akaieleza kwenye barua ya Machi 1794 kwa rafiki yake Cunningham, achongewe muhuri.

BAKARI: Kwa hiyo anaomba mzao aliye hai, na Lord Lyon ana hiari ya kukataa. Mzao anaandika ombi, anaonyesha kizazi hadi kizazi. Akipewa, mrithi anaishika ngao nzima. Wadogo zake wanakwenda kuandikisha upya na alama ya tofauti, mara nyingi pindo.

REHEMA: Pindo hasa! Wenye kanga hapa hawahitaji mwalimu. Mji ni uwanja wa ngao, pindo ni pindo, jina ni ule msemo wa chini.

BAKARI: Na jina la Burns lingeuza kanga: heri kijichaka kuliko kukosa pa kujisitiri.

REHEMA: Kenda shika. Ila angalia ushahidi, maana ndiko watu wanakokwama. Uandikishaji wa serikali wa vizazi na vifo Uskoti ulianza 1855. Kabla ya hapo ni vitabu vya parokia, na herufi zake ni za karani wa siku hiyo. Baba yake aliandika Burnes, yenye e. Robert akawa Burns mwaka 1786. Ukipeleka ubatizo wa mmoja na ndoa ya mwingine bila hati ya kuwaunganisha, umeleta watu wawili.

BAKARI: Halafu watoto.

REHEMA: Enhe. Pacha wa Burns na mkewe Jean Armour walizaliwa 1786, ndoa ikatambuliwa 1788. Sheria ya Uskoti ya enzi hizo ilisema wazazi wakioana baadaye mtoto anahalalika, kwa hiyo Robert mdogo, mmoja wa pacha hao, hana doa. Elizabeth aliyezaliwa 1785 ni wa mama mwingine, na Burns hakumwoa. Mzao wake akiomba, desturi ni pindo la vipande vya rangi mbili vinavyopishana. Ukilificha tawi hilo kwenye ombi, linafumuka kwenye vitabu vya parokia.

BAKARI: Basi tuje kwenye filimbi.

REHEMA: Nilijua. [Kicheko]

BAKARI: Barua inasema: uwanja wa buluu, chini kichaka cha holi, mti wa majani ya miiba, chenye matunda, juu filimbi ya mchungaji na fimbo yake zimepishana kama X. Juu ya kofia ya chuma inayokaa juu ya ngao, kipozamataza ametua kwenye kitawi cha mlaureli. Filimbi ya mchungaji! Nimechora filimbi.

REHEMA: Endelea kusoma. Anasema wazi hataki ule upuuzi wa wachoraji wa wachungaji wa kubuni. Anataka stoku-na-pembe, ala ya kupuliza ya wachungaji wa Uskoti, na kigongo. Na Novemba ya mwaka huohuo anaieleza ala hiyo kwa Thomson, mchapishaji wa nyimbo zake: mfupa wa paja la nyuma la kondoo, pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha mpaka mfupa upite ndani na kichwa chake kinene kikwame, na ulimi wa bua la oti. Matundu sita au saba juu, moja nyuma.

BAKARI: Hiyo ni zumari.

REHEMA: Zumari ina ulimi wa maradufu, na mwili wake ni mti.

BAKARI: Zumari ya nchi ya baridi, basi. [Kicheko]

REHEMA: Cheka. Neno kwenye daftari ndilo ngao, mchoro ni tafsiri yake. Ukiandika "filimbi", kila mchoraji atachora yake mpaka kiama. Mimi naandika stoku-na-pembe.

BAKARI: Hapo sikubali. Simba wa ngao hachorwi kwa namba za mbavu. Mchoraji ana uhuru, ndiyo raha ya fani. Ukizidisha maelezo, muhuri wa ukubwa wa kucha hauchongeki.

REHEMA: Lakini barua inasema "rangi yake ya asili". Asili ya nini? Mfupa ni mweupe wa maziwa, pembe ni kahawia inayokwenda weusi. Filimbi ya mti ni rangi ya tatu. Bila kujua imetengenezwa na nini, utapaka nini?

BAKARI: Nitapaka kinachoonekana kwenye buluu. Karamuni wanakaa mita kumi.

REHEMA: Daftari halikai mita kumi.

BAKARI: Na ombi halinunuliwi kwa matundu manane! Andika "filimbi ya mchungaji", neno la mwenyewe, basi.

REHEMA: Neno la mwenyewe, na karipio la mwenyewe umelikata.

BAKARI: Umebakisha dakika mbili.

REHEMA: Ee. La tatu, kuandika ngao kwa mpangilio, rangi ya uwanja kwanza kisha vilivyomo... basi, limekwenda. Ubao unakabidhiwa lini?

BAKARI: Kesho. Filimbi inabaki.

REHEMA: Zumari, Bakari.

BAKARI: Sasa hata wewe unaiita zumari!

REHEMA: Ni ulimi umete—

[Mwisho wa kurekodi]