Wimbo wa mbinguni uliotungwa katika duka la dawa

Ndugu zangu walimu wa kwaya, wimbo wetu leo ni “Sweet By and By”. Beti zake ni 3 tu, lakini kwaya zetu hapa Uganda zinapouimba makaburini, mara nyingi huharibikia kwenye kiitikio.

Maneno yake ni ya Sanford Fillmore Bennett, mwenye duka la dawa mjini Elkhorn, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwenyewe anasimulia kwamba mtunzi wa muziki Joseph Webster, rafiki yake aliyesumbuliwa na huzuni, aliingia dukani amejiinamia. Alipoulizwa ana nini, akajibu si kitu, baadaye (kwa Kiingereza “by and by”) yatakuwa sawa. Bennett akalidaka neno hilo, akaandika palepale. Webster akachukua fidla, akatunga tuni. Marafiki wawili walikuwa wameshaingia, na nusu saa haikupita, wanaume wanne wakawa wanauimba. Ulichapwa 1868.

Sasa kiitikio. Soprano, yaani sauti ya juu ya wanawake, wanashikilia noti ndefu, na sauti za chini zinarudia maneno yaleyale kama mwangwi. Soprano wakiikata noti ili wavute pumzi, mwangwi unabaki hauna pa kuegemea. Wavute pumzi kabla ya zile silabi mbili fupi za kuanzia, “In the”, zinazotangulia mpigo mzito. Tenori na besi, yaani sauti za wanaume, nao waimbe kwa nusu ya nguvu. Wakipiga kelele, anayesikika ni anayeitikia, si anayeongoza. Katika mazoezi, wanaume waimbe mwangwi peke yao huku soprano wakihesabu mipigo kwa vidole. Msiruke zoezi hili, nawasihi.

Wanaoimba Kiswahili wana kazi ya ziada. Mstari wa ubeti kwa Kiingereza una silabi 9, uzito ukiwa kwenye ya 3, ya 6 na ya 9. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mstari ukiishia na “nyumbani”, hiyo “ni” inabebeshwa uzito usio wake. Gawanyeni noti ya mwisho: “mba” ikae kwenye mpigo, “ni” ifuate kwa wepesi.

Pasipo kinanda, toni hushuka kufikia ubeti wa 3, hasa mwendo ukiburutwa na pumzi kuisha katikati ya mstari. Kazeni mwendo kidogo, na alto, yaani sauti ya chini ya wanawake, wasikilize besi.