Kadi Ileile, Lugha Nyingine: Bei Inatoka Wapi?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nilipotangaza kwamba jioni hii nitazungumzia kadi, shemeji yangu aliniuliza harusi ya nani. Hapana, shemeji, sichangishi mtu. Nazungumzia kadi za kukusanya, zile za wachezaji na za michezo ya mezani, na hasa zilizochapwa kwa lugha zaidi ya moja.

Nimekuja na mbili za hoki, za msimu wa 1979-80. Zipitisheni mikononi, msiogope, mchezaji mwenyewe hakuvuma na zote mbili hazifiki bei ya chakula cha mchana hapa Toronto. Mbele ni picha ileile, pambizo ileile ya buluu. Sasa zigeuzeni. Moja ina Kiingereza kitupu: hiyo ni ya kampuni ya Topps, ya Marekani. Nyingine ina Kiingereza na Kifaransa vimebanana: hiyo ni ya O-Pee-Chee, kampuni ya bigijii iliyokuwa hapahapa Ontario, mji wa London. Pitisheni kidole ukingoni mwa hiyo ya pili. Inaparuza, eeh? Walikuwa wakikata karatasi kwa waya, na waya ukishachoka haukati tena, unararua.

Katika seti hiyo, namba 18 ni Wayne Gretzky, yule nyota mkubwa wa hoki, kadi yake ya kwanza. Topps wanayo, O-Pee-Chee wanayo, picha moja. Mwaka 2021, ya O-Pee-Chee iliyopimwa na PSA, kampuni ya kupima ubora wa kadi, ikapata 10 kwa 10, iliuzwa dola za Marekani milioni 3.75. Ya Topps nayo ni ghali, lakini watu wa hoki huipa nafasi ya pili. Je, mnunuzi alitaka kujifunza Kifaransa? Kile Kifaransa kina kazi nyingine. Ni kama lafudhi: mtu akifungua mdomo tu, unajua huyu wa Unguja, huyu wa Mombasa. Maneno yale ya nyuma yanakwambia kadi ilizaliwa Kanada, kwa wenye mchezo wao, na kwamba ilipita chini ya ule waya. Iliyotoka pale na kingo safi ni ya kutafuta kwa tochi.

Kwenye mpira mambo ni hayohayo, ila hapo neno "lugha ya kigeni" linaanza kunichanganya. Kadi ya Pelé inayosakwa kuliko zote ina Kiswidi. Mbrazili, Kiswidi! Lakini Kombe la Dunia la 1958 lilichezwa Uswidi, kijana alikuwa na miaka 17, na kampuni ya Alifabolaget ya hukohuko ikamchapa, namba 635. Ya Maradona ya 1979 ni ya kampuni ya Panini, ya Kiitaliano. Ya Messi ya 2004-05 ni ya Kihispania, maana alikuwa Barcelona. Anayesubiri ya Kiingereza hapo atasubiri sana.

Topps pia walikuwa na matoleo ya besiboli ya Venezuela, kati ya 1959 na 1968, na yale ya 1962 yana Kihispania mgongoni. Karatasi yake ilikuwa hafifu, halafu watoto wa kule walizibandika kwenye albamu kwa gundi. Ukikuta moja ambayo mgongo wake haujachunika, mshukuru mtoto aliyekuwa mvivu wa kubandika.

Sasa wapo wanaoamini kwamba maandishi mageni yenyewe ndiyo mali. Hao Italia itawaumbua. Magic, mchezo wa mezani ambao watu hupambana kwa kadi za uchawi, ulianza 1993 kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata toleo la Revised likatoka la Kiingereza likiwa na pambizo nyeupe, ila chapa ya kwanza ya Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani ilitoka na pambizo nyeusi, na ilikuwa chache. Kadi zake za ardhi za rangi mbili, zinazompa mchezaji chaguo la aina mbili za nguvu, zinaipita bei ya zile nyeupe za Kiingereza. Haya, chukua toleo jingine la Magic, Legends: Kiingereza 1994, Kiitaliano 1995. Hapa ya Kiitaliano iko chini, kwa sababu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Kiitaliano kilekile, kule kimepandisha, huku kimeshusha.

Na Magic wana bahati: mgongo wa kadi ni mmoja kwa lugha zote na mashindanoni unacheza na lugha yoyote. Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa kadi, wa Kijapani, sivyo. Hapa nawaambia kwa uchungu. Niliwahi kununua boksi zima la Kikorea kutoka kwa muuzaji mmoja, nikiwa nimelewa zile herufi nzuri. Nikaenda nazo kwenye mashindano, msimamizi akazitazama, akatabasamu, akanirudishia. Kadi za soko la Asia hazichezwi katika mashindano ya huku. Kuuza nako ikawa kazi, kwa sababu anayetaka za Asia huulizia kwanza za Kijapani. Boksi liko chini ya kitanda mpaka leo; mke wangu ana mipango nalo.

Mzee wa pale nyuma ameuliza kama ipo ya Kiswahili. Kwenye Magic haipo. Wamewahi kuchapa kadi ya Kisanskriti, wakachapa ya Kiebrania, na mwaka 2001, kwa uzinduzi wa toleo la Odyssey, wakachapa moja ya Kiarabu, ina picha ya basiliski, mnyama wa hekaya. Hii hapa, nimekuja nayo. Mimi nimeimiliki miaka sita na siwezi kuisoma. Bwana Mkubwa, wewe uliyesoma chuoni Lamu, vaa miwani yako basi, tusomee.