Pandisha tovuti yako kwenye seva ya wingu bila kujifungia nje

Salaam aleikum, karibu. Nipo Malindi, na leo napandisha tovuti ya nyumba ya wageni ya shangazi yangu. Fuatana nami na yako. Faili zote ziweke kwenye folda moja, uipe jina html.

Kodisha seva ya wingu, yaani kompyuta ya kukodi iliyo mtandaoni muda wote, yenye Ubuntu 24.04 (aina ya Linux). Memori ya GB 1 yatosha kwa tovuti ya kurasa na picha. Ukiulizwa seva ikae mji gani, mfikirie atakayeifungua: wageni wa shangazi ni Waitaliano, na chumba hukitafuta wakiwa bado kwao, basi nachagua Frankfurt.

Utapewa anwani ya IP. Kwenye terminal ya kompyuta yako, lile dirisha la kuandikia amri, andika `ssh root@` na mbele yake hiyo anwani. Ukishaingia, `apt update`, kisha `apt install nginx`, programu itakayowaonyesha wageni kurasa zako. Fungua anwani hiyo kwenye simu. Ukiona "Welcome to nginx!", seva imeanza kupokea wageni.

Sasa ukuta wa ulinzi, na hapa twende polepole. Anza na `ufw allow OpenSSH`. Fuatisha `ufw allow 'Nginx Full'`. Mwisho kabisa `ufw enable`. Tafadhali usipindue mpangilio huo. Mimi niliwahi kuanza na enable, na mlango 22, ule tunaoingilia, haukuwa umeruhusiwa. Dirisha nililokuwa nalo likaendelea kufanya kazi, kwa hiyo sikushuku kitu. Nilipotoka na kutaka kurudi, kimya. Ilibidi nipitie konsoli ya kwenye kivinjari, ya kampuni iliyonikodishia seva, kurekebisha. Basi usifunge dirisha hili: fungua la pili, ujaribu kuingia. Likikubali, endelea.

Kwenye dirisha hilo la pili toka kwenye seva, urudi kwenye kompyuta yako palipo folda ya html, uandike `scp -r html root@IP:/var/www/`, pale IP ukiweka anwani yako. Picha isipoonekana, angalia jina lake: kwa Linux, Chumba.JPG na chumba.jpg ni faili mbili.

Kwa aliyekuuzia jina la .co.ke, ongeza rekodi ya A, ile inayoelekeza jina kwenye anwani ya seva, yenye ile IP. Rudi kwenye seva, na ndani ya faili `/etc/nginx/sites-available/default` badilisha `server_name _;` uweke jina lako, kisha `systemctl reload nginx`.

Jina likishaitika, sakinisha `certbot` pamoja na `python3-certbot-nginx`, halafu `certbot --nginx -d` na jina lako, upate cheti cha https, kinacholinda mawasiliano ya wageni na tovuti. Cheti hudumu siku 90 na hujihuisha chenyewe. Hakikisha kwa `certbot renew --dry-run`. Fungua tovuti kwa https, kisha mtumie shangazi kiungo akague bei za vyumba.