Masafa Mapana ya Mwangaza katika Video za Droni

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nieleze kwa nini video iliyorekodiwa kwa droni katika hali ya HDR, yaani kwa masafa mapana ya mwangaza, wakati mwingine hutoka imefifia, ilhali mwenye droni alitarajia ing'ae. Jibu langu ni kwamba kuna kazi mbili tofauti zinazoitwa HDR, na watengenezaji hawajihangaishi sana kutueleza ni ipi kati yake wametuuzia.

Kazi ya kwanza hufanyika ndani ya kamera. Droni ikiwa juu, fremu moja hubeba anga lenye mwanga mkali pamoja na vivuli vya ardhini, wala hakuna taa wala kitambaa cheupe cha kuangazia palipo giza. Tofauti hiyo tunaipima kwa stopu, na kila stopu ni mwanga uliozidishwa mara mbili, kwa hiyo stopu 12 ni sawa na uwiano wa 4,096 kwa 1. Kihisi kidogo, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, hushindwa kuubeba uwiano huo: pikseli ikishajaa mwanga, wingu huungua na kuwa doa jeupe ambalo hakuna uhariri utakaolirudisha, na upande wa pili vivuli hujaa chengachenga. Ndiyo maana baadhi ya droni husoma kila pikseli kwa viwango viwili vya ukuzaji, kimoja kwa ajili ya mawingu na kingine kwa ajili ya vivuli, kisha huunganisha masomo hayo. DJI Mini 3 Pro ya mwaka 2022, kwa mfano, hurekodi HDR ya namna hii kwa kasi isiyozidi fremu 30 kwa sekunde. Anayepandisha kasi hadi fremu 60 anaipoteza faida hiyo. Faili linalotoka hapo ni la kawaida, na skrini yoyote italionyesha vizuri.

Kazi ya pili inahusu skrini. Video ya kawaida husanifiwa kwa mwangaza wa niti 100 hivi, niti ikiwa kipimo cha mwangaza wa skrini. Mfumo wa HDR uitwao PQ, uliowekewa kiwango mwaka 2014, unaweza kuelezea mwangaza wa hadi niti 10,000; mfumo mwingine wa HDR, HLG, ulibuniwa na mashirika ya utangazaji ya BBC na NHK ili ishara moja ihudumie runinga mpya na za zamani. Mifumo yote miwili imo katika kiwango cha BT.2100 kilichotolewa mwaka 2016 na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, nacho hudai angalau biti 10. Hilo lina sababu. Biti 8 hutoa ngazi 256 kwa kila rangi, biti 10 hutoa 1,024. Tazameni anga la machweo katika video ya biti 8 iliyovutwa sana wakati wa kuhariri, mtaona mistari ya rangi imepangana kulizunguka jua mahali ambapo rangi ilipaswa kuyeyuka polepole.

D-Log, namna ya kurekodi iliyomo katika baadhi ya droni za DJI, haimo katika makundi hayo mawili. Ni malighafi ya kijivujivu inayosubiri mhariri, ambaye anaweza kuifanya video ya kawaida au ya HDR.

Angani, uamuzi mkubwa ni kulinda sehemu zinazong'aa. Washeni mistari ya pundamilia, ile inayochorwa kwenye skrini juu ya sehemu zinazokaribia kuungua, punguzeni mwanga mpaka mawingu yasiungue, kisha fungeni mipangilio, kwa sababu kamera inayojirekebisha yenyewe huitia ardhi giza kwa hatua zinazoonekana mara tu inapoinuliwa kuelekea upeo wa macho. Filta ya ND16, kioo cheusi kinachowekwa mbele ya lenzi, hupunguza stopu 4 na hufaa kwa kupunguza kasi ya shata, lakini haipanui masafa hata kidogo: hupunguza anga na kivuli kwa kiasi kilekile. Nalisema hili kwa sababu nimekuwa nikisikia kinyume chake mara nyingi mno.

Sasa tuirudie video iliyofifia. Mara nyingi ni ya HLG iliyowekwa katika mradi wa uhariri wenye rangi za Rec. 709, yaani za video ya kawaida, bila kubadilishwa, au iliyotolewa bila alama inayoiambia skrini kuwa ni ya HDR. Programu huzisoma namba za Rec. 2020, rangi za video ya HDR zenye eneo pana, kana kwamba ni za eneo dogo, na majani mabichi hupauka. Tiba yake ni kuchagua nafasi ya rangi ya mradi kabla ya kukata kipande cha kwanza.