Kamba Iliyofungwa Juu

Wazee wetu, shikamooni. Na nyinyi mliokuja kwa sababu mnamtafutia mzazi mahali pa kuishi, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie huduma za makazi ya wazee. Vipeperushi vyake mmeviona: bustani, maktaba, saluni, bwawa la kuogelea. Sina ugomvi na bwawa. Ila siku ya kwenda kukagua, anzia bafuni.

Tafuta kamba ya kuitia msaada, ile inayovutwa ili kengele ilie kwa wahudumu. Inatakiwa ining'inie mpaka karibu na sakafu, kwa sababu anayeihitaji ni mtu aliyekwisha kuanguka, yuko chini. Mimi nimeikuta zaidi ya mara moja imeviringishwa kwenye kishikio cha ukutani, juu kabisa. Aliyekuwa akipiga deki ilimsumbua, akaifunga, akasahau. Kengele ni nzima, mkaguzi ameshatia tiki, na mzee hawezi kuifikia! Duniani kote, wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni waliopita miaka 60. Kwa hiyo kamba hiyo naipa uzito kuliko bwawa.

Chakula, dobi, gari la kwenda hospitali, muuguzi wa kugawa dawa: hayo uliza ratiba na bei, utajibiwa. Uliza pia usiku wa manane huwa wamebaki wahudumu wangapi. Hapo majibu huanza kuwa mafupi.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Mwaka 1976, wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti walioufanya katika makazi ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa mambo yao ni yao: wapange vyumba wapendavyo, wachague siku ya kutazama filamu, na anayetaka mche auchague na kuutunza mwenyewe. Wa ghorofa nyingine waliambiwa wasijali, watafanyiwa. Mche wakapewa, na muuguzi ndiye aliyeumwagilia. Baada ya wiki 3, wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na walijishughulisha zaidi. Ni watu wachache, na mimi sijengi nyumba juu ya utafiti mmoja. Lakini tazameni: ghorofa zote mbili zilikuwa na mche. Kwenye kipeperushi zingeandikwa sawasawa.

Ndiyo maana huwa siulizi tu kuna nini. Nauliza nani anaamua. Mzee akitaka kuoga jioni badala ya alfajiri, inawezekana? Mlango wake una kitasa anachokifunga mwenyewe? Mhudumu hupiga hodi akangoja, au hupiga hodi huku ameshaingia?

Nendeni wakati wa chai, bila kutoa taarifa kama mnaruhusiwa, mkae kimya pembeni. Tazameni kama vikombe vinaletwa vikiwa vimeshatiwa sukari, au kuna anayeinama na kuuliza, "Mama, nikutilie vijiko vingapi?"